Kwanza Pima Mdomo

Butoyi alimtaka yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe,
aliyemwona kwenye kalenda ya duka la dawa.
Nikamwambia: huyo ni wa chumvi, mwanangu.
Hapa Kigoma maji yetu hayana chumvi.
Yana mawe, na mawe yana wenyewe.

Vioo nilivitoa kwenye mafriji ya soda yaliyokufa Ujiji,
nikaviunga kwa gundi, tyubu nne.
Mimi fundi friji: najua kuziba,
najua pampu inavyokohoa kabla ya kukata roho.
Samaki sikuwajua. Niliwajua kwenye sahani.

Kiza, mzamiaji wa Katonga, akaniletea ndoo:
uduvi ishirini, wangavu hata
ukiwatazama unaona walichokula,
na samaki mmoja wa mistari, mtulivu,
kama mgeni anayekaribishwa chai akasema ameshiba.
Nikawatia pamoja magharibi.
Alfajiri nikahesabu uduvi: watatu.
Saa mbili: sharubu moja, inaelea.
Yule mtulivu tumbo limemtuna, na bado mtulivu.

Kiza alicheka hadi akakaa chini.
"Fundi, wewe uliuliza rangi.
Rangi haiumi. Kwanza pima mdomo."

Basi nikawa napima.
Huyu mdomo wake umeelekea chini, kutwa anakwangua ukijani wa mawe,
nyama hana habari nayo; adui yake ni ndugu yake.
Waweke wawili, mmoja atakufa kwa kukimbizwa.
Waweke kumi na watano, hasira inakosa anwani.
Yule wa kichwa nundu apite tu,
ana subira ya mdai: hungoja wadogo wasinzie.
Huyu mama huwafungia wanawe kinywani, siku nyingi hali kitu;
ukimweka na wenye fujo, kwa hofu atameza alichobeba.

Na hawa, urefu wa kidole cha mwisho,
wapangaji wa makombe matupu ya konokono:
kila mmoja na kombe lake, na lingine la akiba,
na ukitia mkono kusafisha wanakuuma wewe, mwenye nyumba.
Nikawachukua hawa.
Vitoto vya uduvi watavila, sikujidanganya;
nikarundika kokoto pembeni kwa ajili ya watakaowahi.

Hesabu hiyo nilikuwa naiandika nyuma ya risiti ya Luku
Mwavita alipotua sufuria ya mgebuka, taratibu mno.
"Miezi mitatu unapima midomo," akasema.
"Mama yako alipokuja na masanduku matano,
na dada zako wawili nyuma yake,
mimi nani alinipima?"

Sikuwa na jibu. Pampu ikanguruma kwa niaba yangu,
kisha umeme ukakatika, nayo ikanyamaza.
Yeye akashika tochi.
Mimi nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga yalimotoka,
ili viumbe wa watu wasikose pumzi,
mara mia, na mia nyingine.
Hatukumtaja mama. Chumba cha pili mama alikohoa.

Jumamosi nikakata sebule kwa mbao,
nikatia mlango, na komeo la ndani.
Ufunguo nikampa Mwavita.
"Kombe la akiba," akasema,
na hakucheka sana.

Jana Butoyi alipiga kelele: uduvi mkubwa amekufa!
Kweli, alilala juu ya mchanga, miguu yote, sharubu zote,
mweupe kama ganda la kitunguu.
Mama akaja na miwani yake iliyofungwa uzi,
akainama, akatazama kwa muda mrefu.
"Hii nguo," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya jiwe la tatu,
laini, hana silaha,
anangoja ngozi mpya ikomae.
Mwavita naye akasogea, wakagusana mabega, wanachungulia.
Mama akanyoosha mkono, akazima taa ya kioo.
"Msimtazame," akasema,
"mpaka avae."